Msaidizi wa Ukurasa wa Tisa

Mteja yule alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti, mwavuli kwapani, karatasi kifuani, analikimbilia basi la chuo, ndipo Mahlet alipoiona flashi yake bado imechomekwa kwenye kompyuta.

"Kaka! Wewe wa koti la kahawia! Umesahau roho yako huku!"

Jamaa akageuka. Ulikuwa msimu wa kukabidhi tasnifu, na duka la kuchapa la Mama Etagegn pale Sidist Kilo, Addis Ababa, lilikuwa limefurika wanafunzi mpaka barazani, mashine tatu zinanguruma, harufu ya wino imechanganyika na ya kahawa inayokaangwa jirani. Akajipenyeza kurudi.

"Asante, dada. Bila hii nisingekuwa mtu."

"Hata ukiwa nayo una kasoro," Mahlet akajibu, mikono inapanga karatasi za mwingine. "Ukurasa wa nne umeandika kuwa vyama vya kuzikana vinaendeshwa na wazee wa kiume. Nani kakudanganya?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Jamaa, ambaye kumbe ni mhadhiri, akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Umesoma kazi yangu?"

"Inapita mkononi mwangu, nifumbe macho? Baba yangu ni mpiga mbiu wa chama cha kuzikana kule Dessie, mwaka wa thelathini huu. Mtu akifa, yeye ndiye anayeuzunguka mtaa akitangaza. Wanaume hukaa mbele ya hema la msiba wakapiga soga. Mambo huamuliwa nyuma ya hema, kwenye vitunguu. Nani apeleke neno kwa wakubwa wa mtaa, nani atengwe, nani asamehewe. Wewe umehoji mbele ya hema tu."

Basi la chuo likapiga honi, likaondoka. Hakulifuata. Alikuwa anamtazama msichana aliyevaa gauni la kijani, shuka jeupe la netela limemzunguka shingoni, nywele zimesukwa nyembamba kama nyuzi, wino mweusi kwenye kidole gumba.

"Naitwa Gizachew. Unaweza kunipeleka nyuma ya hema?"

"Unajua kumenya vitunguu?"

"Nitalia."

"Ndiyo kazi yenyewe," alisema Mahlet.

Basi wakaanza hivyo. Gizachew alikuwa akifundisha siasa chuoni kwa mkataba, na alikwisha kuambiwa kuwa bila makala katika jarida linalosomwa na dunia, mkataba ukiisha ndiyo imetoka. Jarida la kwanza lilimrudishia kazi baada ya siku tatu, mistari miwili tu ya pole. Sasa alikuwa anaianza upya. Lakini jikoni mwa msiba mwanamume mwenye daftari ni kama paka kwenye bucha. Wanawake walinyamaza mara tu alipotokea. Mahlet ndiye aliyeketi nao Jumapili baada ya Jumapili, magoti yamekunjwa, kisu mkononi, akiuliza na kukumbuka. Jioni alimsimulia Gizachew, naye akaandika. Wanawake mia moja na kumi na wawili, Addis na Dessie. Hakuna hata mmoja aliyemnyima neno.

Jumapili ya tano walikula kwenye kihoteli cha nyuma ya kanisa. Gizachew alikata kipande cha mkate mpana wa injera, akakichovya kwenye mchuzi wa shiro, akafunga tonge na kumpelekea Mahlet mdomoni, kama desturi ya watu wapendanao.

Akatafuna, akameza, akamkodolea macho. "Umemaliza?"

"Nimekosea nini?"

"Tonge moja huleta ugomvi, mwalimu. Mama yako hakukufundisha? La pili ndilo pendo."

Gizachew akafunga la pili, kubwa kupita kiasi, likamchafua mpaka puani. Wakacheka hadi mwenye kihoteli akatoka jikoni kutazama. Toka siku hiyo alimwita Mahliye, naye akamwita Gize, na simu zao zikawa hazina mwanzo wala mwisho.

"Mahliye, umelala?"

"Nimelala."

"Jarida linataka maneno elfu nane. Ninayo elfu kumi na moja na mia nne. Nikate nini?"

"Kata pale unapotaja wataalamu kumi kwa mpigo. Hakuna hata mmoja wao aliyemenya kitunguu."

"Nikikuoa utanitesa."

"Nani kasema utanioa? Leta wazee kwanza, baba awachunguze."

"Makala ikitoka, nawaleta. Ni yetu hii, Mahliye. Subiri utaona."

Hakumwambia ataona nini. Alitaka liwe jambo la kumshangaza. Wapo watu hufungasha zawadi mpaka anayepewa akadhani ni jiwe.

Siku ya Jumanne Gizachew alipita dukani mbio mbio, akaacha flashi. "Nichapie nakala moja, mkuu wa idara anataka kuisoma. Nitapita kesho."

Mahlet akachapa, akasoma, kama alivyosoma kila kitu. Ukurasa wa kwanza haukuwa na jina la mtu, la Gize wala la nani. Hilo halikumsumbua. Akasoma maneno ya wale wanawake wakizungumza, akatabasamu peke yake. Alipofika ukurasa wa tisa akakuta: *Mahojiano ya jikoni yalifanywa na msaidizi mmoja wa mtaani, chini ya uangalizi wa mwandishi.*

Akarudia kuusoma mstari ule. Mashine ikawa inaendelea kutema kurasa, yeye hazioni.

"Una nini?" Mama Etagegn akauliza.

"Sina kitu, mama."

"Uso huo ni wa mtu asiye na kitu?"

"Ndiyo. Nimegundua leo kuwa sina kitu."

Usiku ule dada yake alipiga simu kutoka Dessie: baba ameanguka, upande mmoja wa mwili hausogei. Mahlet akafunga mzigo akilia vilio viwili kwa macho yale yale. Nakala aliiacha kwa Mama Etagegn ndani ya bahasha. Gizachew alimpigia Mahlet akiwa njiani.

"Mahliye! Nimeisikia habari ya baba. Nije?"

"Usije."

"Mbona sauti yako iko mbali? Sikiliza, juzi niliituma ile makala. Wametuandikia kuwa wameipokea."

"Wametuandikia. Umeanza kujiita kwa wingi kama mfalme. Hongera, mwalimu."

"Mwalimu? Jana nilikuwa Gize."

"Jana msaidizi wako alikuwa hajajua kusoma."

"Sijakuelewa."

"Kazi imekwisha, Gizachew. Usinifuate."

Akakata. Gizachew alipiga tena na tena. Juma la pili laini ile haikupatikana. Naye alikuwa na kiburi cha watu wapole, kile kibaya zaidi. Ameambiwa asifuate, basi hakufuata. Alijiambia kuwa makala ikitoka ataipeleka mwenyewe, na makala itamsemea.

Ikapita miezi kumi na minne. Wahakiki wawili wasiojulikana walidai jedwali lifumuliwe, wakadai sehemu nzima iandikwe tena, Gizachew akayafanya yote. Kule Dessie, Mahlet alimlisha baba yake kwa kijiko na kumgeuza kitandani. Mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, Mesfin, fundi wa matrekta, mtu asiye na makuu, alikuwa akija kumsaidia kumbeba mzee kwenda juani. Mesfin akatuma wazee watatu kumposa Mahlet. Mzee Gebreyes, baba huyo aliyekuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, akawajibu kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai: "Nimewapa." Lilikuwa karibu neno lake la mwisho. Alikufa baada ya wiki mbili, na mbiu ya kifo chake ilipigwa na mtu mwingine.

Siku ya nne baada ya arobaini ya mzee, Gizachew alibisha hodi. Alikuwa na lile koti la kahawia, limepauka viwikoni.

Mahlet, mweusi kwa nguo za msiba, akamkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni yeyote. Akamtandikia injera, akaketi upande wa pili wa sahani.

"Pole kwa baba. Sikujua."

"Tumepoa. Umekuja kwa lipi?"

Gizachew akatoa karatasi. "Makala imekubaliwa. Kila mwandishi lazima atie sahihi kwa mkono wake, la sivyo hawachapi. Zimebaki siku tatu."

"Tia basi."

"Nimetia. Yangu iko juu. Yako inakwenda hapo chini."

Mahlet akaishika karatasi. Majina mawili: Gizachew Tefera, Mahlet Gebreyes. Chini yake: *imepokelewa*, na tarehe. Akaihesabu tarehe kwa vidole. Ilikuwa Jumatatu. Siku moja kabla hajausoma ukurasa wa tisa.

"Mimi niliona msaidizi wa mtaani," akasema polepole.

Gizachew akamtazama, na ndipo rangi ilipomtoka usoni. "Uliisoma ile? Mahliye, ile ilikuwa ya wahakiki. Desturi yao anayehakiki asijue ni kazi ya nani. Unafuta majina, unafuta kila alama. Ningeandika binti wa mpiga mbiu wa Dessie wangekutambua. Majina yanakwenda kwenye karatasi ya pembeni, ya mhariri peke yake. Yalikuwapo yote mawili. Hata barua ya kupokelewa ilikuja kwako pia, kwenye anuani ya barua pepe niliyokufungulia."

"Hukuniambia nina anuani."

"Nilitaka nikupe siku moja na jarida lenyewe."

"Hukuniambia nina jina."

"Na wewe hukuniuliza."

"Sikukuuliza," Mahlet akakubali. Machozi yalimdondokea sahanini, hakuyafuta. "Baba amenitoa, Gize. Wazee walikuja, akasema nimewapa. Amelala kaburini na neno hilo. Nilichimbue?"



Mahlet akachukua kalamu akatia sahihi, akipuliza wino ukauke, kwa mazoea ya dukani. Kisha akakata injera, akaichovya, akafunga tonge, akampelekea mdomoni. Gizachew akatafuna, akameza, akakaa anangoja, macho hayabanduki mkononi mwake.

Mahlet akainuka kwenda kunawa.

Makala ilitoka baada ya miezi mitano. Gizachew aliongezewa mkataba, sasa ni mkuu wa idara, hajaoa. Mama Etagegn aliuza mashine zake na kufungua duka la nguo. Mahlet aliolewa na Mesfin, ana mabinti wawili, na ndiye mwandishi wa chama cha kuzikana cha mtaa wao. Jarida limo sandukuni, chini ya netela ya msiba. Na kwa kuwa kwetu jina la pili la mtu ni la baba yake, na wasomi wa ng'ambo hutaja jina la mwisho, makala hiyo kila inaponukuliwa huandikwa *Tefera na Gebreyes*: wazee wawili wasiopata kuonana, wanatajwa pamoja mpaka leo.