Lambalamba Isiyo na Mchanga

"Lambalamba yako ina mchanga, dada."

Ziada akageuka kwa kasi pale alipouzia, stendi ya Masasi, dera lake la manjano likapepea. Mbele yake kasimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, lambalamba ya mabibo mkononi.

"Mchanga? Kwani nimeichota barabarani?"

"Si mchanga wa chini. Ni barafu. Umeme ukikatika inalainika, ukirudi inaganda upya, chenga zinakua. Onja uone."

Akaonja. Kweli, ilikwaruza ulimi.

"Mtu wa wapi wewe, mjuaji?"

"Newala. Naitwa Nasibu."

"Mmakonde! Basi mimi Mmakua, mtani wako. Nirudishie lambalamba yangu, ukachimbe panya wako wa kitoweo."

Nasibu akacheka mpaka akashika kiuno, na jamani, moyo wa Ziada ukaangukia hapohapo.

Wiki iliyofuata Nasibu alirudi na deli, lile sanduku la kutunza baridi, limejaa lambalamba. Mama yake, Bi Mwanne, ndiye aliyekamua mabibo kule Newala. Nasibu, aliyesomea mambo ya vyakula chuoni, akatia unga kidogo wa protini ya samaki wa bahari za baridi kali.

"Samaki yule anaishi kwenye maji ya barafu na damu yake haigandi," alimweleza. "Protini yake inaing'ang'ania chenga ya barafu ingali ndogo, inainyima kukua."

Ziada akalamba. Laini, mtu wangu! Umeme ukatike usikatike, lambalamba zile zilibaki laini, wateja wakagombania. Simu nazo hazikulala.

"Umeamkaje, mtani wangu?"

"Nimeamka na njaa ya kukuona, mla panya wangu."

Wazee wa Newala wakapanga kuja kuposa msimu wa korosho ukiisha.

Ah, ulimi huu! Mchana mmoja shoga yake Shamsia alipiga simu, stendi imefurika, na Ziada akaiweka kwenye spika kwa kuwa mikono yote ilikuwa kazini.

"Eti mchumba wako anatia samaki? Samaki gani huyo anayeondoa mchanga?"

"Nani kama si samaki nchanga!" Ziada akajibu, akaangua kicheko.

Samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, ni jina la panya wa shambani. Wapo wanaomla, na wapo wanaotema mate wakimsikia. Mteja mmoja alitema palepale. Kufika magharibi Masasi nzima inajua kwamba lambalamba za Newala zina panya. Waliokuwa wameagiza za harusi wakazirudisha. Huko Newala, majirani wakaacha hata kumwamkia Bi Mwanne. Mama wa swala tano, leo anaitwa mlisha haramu.

Baba yake Ziada akamuuliza, "Maneno haya yametoka wapi?"

"Sijui, baba," akajibu kwa woga.

Nasibu akapiga simu. "Ziada, wanasema ni wewe."

"Nilitania tu, mpenzi! Mtani hakasirikiwi."

"Sijakasirika. Nenda stendi ukawaambie kwamba ulitania. Mama hali, hanywi."

"Nitawaambia. Kesho."

Kesho ikazaa kesho. Aliona haya, akaogopa kuchekwa, akamwogopa baba. Ndipo habari ikashuka kutoka Newala: Bi Mwanne, mwenye presha ya miaka mingi, ameanguka uani na hakuinuka tena.

Msibani mtani hafukuzwi. Ziada akapanda gari, kanga kichwani, akaingia katikati ya waombolezaji.

"Mimi ndiye niliyesema panya. Ulikuwa utani. Mama huyu hakumlisha mtu haramu, wallahi."

Akasubiri Nasibu amtukane, kama mtani anavyotukanwa msibani: amwite mchawi, amwamuru akafagie, akasonge ugali. Angefagia ua mzima kwa furaha, mradi abaki mtani. Nasibu akaja, macho mekundu, akampa mkono kwa adabu.

"Asante kwa kuja, dada. Karibu chakula."

"Nasibu, niite mtani. Nakuomba."

Nasibu akamwonyesha jamvi la wageni, akaenda kuwapokea wengine.