Gazeti la Serikali Ndani ya Kiatu

Fundi viatu alikuwa amenuna tangu asubuhi. Aligonga misumari kana kwamba soli zimemkosea. Jana, mbele ya majirani, alimwita mdogo wake mwizi.

"Kaenda mahakamani kwa siri, ati asimamie mirathi ya baba," alimlalamikia jirani yake, karani wa mahakama, aliyefuata viatu vyake. "Nyumba anataka kuila peke yake, dada!"

Karani alichomoa karatasi iliyoshindiliwa kiatuni ili kisipoteze umbo. Akaikunjua, akaisoma.

"Fundi, hii umeipata wapi?"

"Aliniletea huyo huyo. 'Soma, kaka.' Gazeti gani halina picha wala mpira? Nikalichana."

"Basi umechana Gazeti la Serikali. Hili si la kuuza habari. Serikali hulitumia kutangaza mambo rasmi: sheria, uteuzi, ardhi, mirathi. Jambo likitangazwa humu, huhesabiwa kwamba umma umeambiwa. Hebu soma hapa."

Fundi alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Jina la baba. Jina la mdogo wake. Kisha tarehe: mwenye pingamizi alipeleke mahakamani kabla ya siku hiyo.

"Na kusimamia si kurithi," karani aliongeza. "Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, kisha huwagawia warithi wote. Na wewe umo."

Uso ulimshuka fundi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hasira hasara: amempaka matope ndugu yake wa damu.

"Tarehe haijapita," karani alisema. "Kama una pingamizi, njoo."

"Pingamizi sina, dada. Nina aibu tu."

Jioni alienda kwa mdogo wake, akawaita majirani wale wale.

"Jana nilisema uongo," alisema. "Ndugu yangu hakunificha kitu. Jambo lilitangazwa, akaniletea mkononi, mimi nikapuuza. Nisamehe, mdogo wangu."

Mdogo wake alimsogezea kigoda.

"Keti, kaka. Siku ya kugawana, wewe ndiye utakayetusomea."

Siku hiyo ilifika. Fundi aliwasomea ndugu wote orodha ya mgawo, neno kwa neno, bila kuruka mstari. Alipofika kwenye jina lake, aliona amepewa chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, kinachofaa kazi ya viatu. Akaishusha karatasi, akamtazama mdogo wake.

Mdogo wake aliichukua karatasi taratibu, akammalizia kusoma.