Emilia Apeleka Ng'ombe Mahakamani

Kila asubuhi Emilia wa kijiji cha Zuzu alimkamua ng'ombe wake, kisha akasaga uwele. Watoto wake wanne walikunywa uji wa maziwa wakashiba. Lakini Ijumaa moja hakusaga kitu. Alimfunga ng'ombe kamba, akaondoka naye kwenda Dodoma mjini pamoja na shemeji yake, Marko.

Mumewe, Filipo, alikuwa mahabusu. Alikuwa kibarua wa reli kwa miaka kumi. Kisha mfanyabiashara mmoja akamtuma apeleke gunia la bhangi Morogoro, naye kwa tamaa akakubali. Polisi walimkamata ndani ya treni. Jumatatu alikiri kosa mbele ya hakimu Mwingereza. Leo angehukumiwa.

"Wagogo tunajua kumaliza kesi," Marko alisema njiani. "Mtu akikosa, analipa ng'ombe, wazee wanaridhika, basi."

Mlangoni mwa mahakama walimkuta Silvano, mkalimani wa hakimu, mzee mpole aliyependa utani.

"Shikamoo, baba," Emilia alisema.

"Marahaba, mama. Ng'ombe huyu naye ni shahidi?"

"Ni fidia ya kosa la mume wangu. Tunampa hakimu."

Silvano aliacha utani. "Mtoe hapa upesi! Kumpa hakimu ng'ombe ni rushwa. Utafungwa na wewe."

Emilia aliivuta kamba ya ng'ombe nyuma. "Sasa nitamsaidia kwa kitu gani?"

"Kwa habari zake za kweli, utakazomweleza hakimu. Hakimu hupima uzito wa kosa: bhangi ilikuwa nyingi kiasi gani, na ilikuwa ya kuuza? Halafu humpima mtu mwenyewe. Amewahi kufungwa? Anafanya kazi gani? Amekiri? Nani wanamtegemea? Umaskini haufuti kosa, mama. Watoto nao hawalifuti. Lakini mambo hayo yanaweza kupunguza adhabu."

"Basi Emilia aseme watoto tisa," Marko alidakia. "Watoto wangu watano ni wa ndugu yangu Filipo pia."

"Nyumbani, ndiyo. Hapa aseme wale anaowalisha Filipo. Akikutwa na uongo mmoja, hata ukweli wake hautaaminiwa."

Marko alibaki nje na ng'ombe. Emilia aliingia, akasimama mbele ya hakimu. Alisema Filipo hajawahi kufungwa. Alisema watoto ni wanne.

Hakimu aliuliza, na Silvano akatafsiri: "Alipitaje stesheni na gunia lile bila kukaguliwa?"

Emilia alimtazama mumewe. Jibu alilijua, na lilimwuma.

"Alivaa kofia ya reli, bwana. Askari wanamjua. Walimwamini."

Filipo aliinamisha kichwa.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Miaka kumi ya kazi njema inamsaidia mtu huyu. Lakini heshima aliyoipata kazini ndiyo aliyoitumia kuficha bhangi, na hilo linamlemea. Gunia zima ni biashara. Ningemfunga miaka mitatu. Kwa kuwa ni kosa la kwanza, amekiri, amemtaja aliyemtuma, na mkewe hakunificha kitu, atafungwa miezi kumi na minane."

Emilia alilia palepale. Miezi kumi na minane ni mingi kwa mtu mwenye watoto wanne.

"Bora tungempa ng'ombe," Marko alinung'unika walipokuwa wakirudi.

"Angenifunga na mimi, shemeji. Nani angewalisha watoto?"

Mwaka huo mvua zilikuwa haba. Uwele ulinyauka, lakini watoto walikunywa maziwa, na hakuna aliyelala njaa.

Filipo aliporudi, akiwa amekonda, hakuwa na kazi wala kofia. Emilia alimpa kibuyu cha maziwa. Alikunywa taratibu, kisha akauliza, "Kwa nini uliwaambia habari ya kofia?"

"Kwa sababu ilikuwa kweli. Na hiyo kweli ndiyo iliyokurudisha mapema."

Filipo alimaliza maziwa. Kisha akasimama, akachukua fimbo, akamfungulia ng'ombe na ndama wake, akawapeleka malishoni kichwa wazi, bila kofia.