Mapigo ya Mama Bakhita

Musimbi, rafiki wa dada yangu kutoka Mashimoni, ni nesi wa wagonjwa mahututi katika hospitali moja Kawangware. Siku moja mashine ya kupima mapigo ya moyo ya mgonjwa wake, Mama Bakhita, ilimchosha kwa kelele. Akaizima sauti, akaenda kunywa chai. Mama akafa bila mtu kusikia.

"Ni mapenzi ya Mungu," alimwambia Hanan, binti wa marehemu.

"Sista, mamangu hakuwa mtu wa kusamehe."

Baadaye Musimbi alitumwa stoo kuchukua glavu. Stima ikapotea. Gizani akasikia: ti, ti, ti. Ile mashine ya Mama Bakhita ilikuwa pale, haijachomekwa popote, kioo kikiwaka. Akajishika kifua: moyo wake ulidunda sawasawa na ile sauti. Mapigo yalikuwa yake.

Akatoka mbio hadi barabarani. Bado aliisikia ile sauti, sasa ikipiga polepole, polepole zaidi, na moyo wake ukiifuata.