Maji ya Rejeta ya Taisto

Nyumbani kwa Hilkka, siku ya mkesha wa Krismasi ilikuwa na mpangilio wake. Asubuhi uji wa mchele. Mchana safari ya makaburini kuwasha mishumaa. Jioni sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke. Gari la safari hiyo lilikuwa lile lile, jekundu, ambalo mumewe Taisto alilinunua wakati binti yao Outi alikuwa bado anakaa kiti cha nyuma na kuimba njia nzima.

Sasa Taisto amelala huko huko makaburini, katika kijiji alichozaliwa, kilomita arobaini kutoka nyumbani. Hita ya gari ikishapata moto, viti vilitoa harufu ya kahawa yake na jaketi lake la kazi. Kwa ajili ya harufu hiyo, Hilkka hakutaka gari lingine.

Siku tatu kabla ya mkesha, gari liligoma. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Hita ilipuliza upepo wa baridi, na mshale wa joto la injini ulipanda hadi kwenye nyekundu.

"Mama, gari hili limechoka," alisema Outi. "Liende kwenye vyuma chakavu. Nitakupeleka na langu."

"Lako linanuka plastiki."

"Lakini lina joto, Mama!"

Kesho yake asubuhi Hilkka alimwita jirani yake Raili, aliyefundisha ufundi wa magari chuoni kwa miaka mingi.

"Injini imepoa?" aliuliza Raili.

"Haijawashwa tangu jana."

"Vizuri. Kifuniko hiki cha rejeta ukikifungua kikiwa cha moto, maji yanakurukia usoni."

Alikifungua, akachovya kijiti. Kilitoka na tope zito la kahawia.

"Jirani, uji wa Krismasi mmepikia humu?" alisema. "Nani ameongeza maji?"

Outi aliona haya. "Mimi, mwezi wa kumi. Yalikuwa yamepungua. Nilikuwa na chupa ya maji ya pinki iliyobaki kwenye gari langu. Si yote ni maji ya rejeta?"

"Wanafunzi wangu nao walisema hivyo kila mwaka," Raili alicheka. "Haya si maji matupu, Outi. Yana dawa ya kuzuia kuganda na dawa ya kuzuia kutu. Dawa za kutu ziko za aina nyingi. Nyingine zikikutana hugombana, zikafanya tope. Tope limeziba hita, ndiyo maana mnatetemeka. Limeziba na rejeta, ndiyo maana injini inachemka."

"Kumbe ningetazama rangi?"

"Rangi usiiamini. Kila kiwanda hutia rangi kinayoipenda. Tazama aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kisha soma nyuma ya chupa. Vilingane."

"Kitabu kilipotea zamani," alisema Hilkka kwa huzuni.

Raili aliinama, akapangusa vumbi na grisi upande wa ndani wa boneti. Kipande cha utepe mweupe kikajitokeza.

"Hilkka, hebu njoo. Huu mwandiko wa nani?"

Hilkka alivaa miwani. Herufi zililala upande mmoja, kama mtu anayetembea kwenye upepo. Palikuwa na aina ya dawa, tarehe, na maneno: *Hii tu. Usichanganye.*

Outi alijiziba mdomo kwa kiganja. "Baba alijua kuna siku nitachanganya!"

"Alikujua tangu ulipomwaga sharubati kwenye tangi la trekta," alisema Hilkka. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini alicheka.

Kazi ilichukua siku mbili katika gereji ya Raili. Kwanza alipiga simu dukani, akahakikisha aina aliyoandika Taisto ndiyo ya gari lile. Kisha walimwaga maji machafu kwenye beseni.

"Mbwa wangu afungiwe ndani," alionya Raili. "Haya yana ladha tamu, lakini ni sumu."

Waliisafisha rejeta na hita kwa maji safi mara tano, hadi yakatoka meupe. Dawa mpya waliichanganya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongezea betri. Ile chafu hawakuimwaga chini. Outi aliipeleka kwenye kituo cha taka za sumu.

Mchana wa mkesha mshale ulitulia katikati. Outi aliendesha. Walipofika msituni, Hilkka alivua glavu. Miguu ilikuwa na joto. Halafu ikaja taratibu ile harufu ya kahawa na jaketi la kazi.

"Mama, unaisikia?"

"Nyamaza kwanza, mwanangu."

Makaburini mamia ya mishumaa yaliwaka juu ya theluji. Hilkka aliwasha wake. "Tumekuja na gari lako, Taisto," alisema.

Waliporudi nyumbani, Outi hakuingia ndani mara moja. Alifungua boneti, akabandika utepe mpya chini ya ule wa baba yake. Aliandika aina ile ile, tarehe mpya, na neno moja: *Nimesoma.*