Taa Nyekundu Imehamia Wapi?

"Kitendawili," redio ilikoroma.

"Tega," akajibu Zuleica.

"Kijisanduku changu kimemeza bahari nzima."

Amri ya chefe, mkuu wao, imefika. Kijisanduku ni diski yenye ramani za gesi, ile iliyogunduliwa chini ya bahari yetu. Imeibwa na Nuro, mtu wa magendo, na wageni wanaingoja majini mchana huu. Ikivuka, ndiyo basi tena.

Nuro alikuwa ndani ya Land Cruiser nyeupe. Cosme, jasusi mwenzake Zuleica, alimfuata kwa pikipiki ya Yamaha. Asubuhi Cosme alikuwa amebandika chombo cha kufuatilia chini ya gari lile. Likienda popote, taa nyekundu iwake kwenye kompyuta ya Zuleica, katika chumba cha siri nyuma ya duka la barafu, mjini Mocímboa da Praia.

"Dada Zuleica, kanipotea sokoni. Kaenda wapi? Escuto, nasikiliza."

Zuleica akatazama juu ya kioo cha kompyuta, pale taa inapokaa siku zote.

Hakuna taa.

Jana tu Cosme alimwambia, "Hii Linux ya zamani tuiache mpaka kazi iishe. Mkono umeizoea."

Yeye akamcheka. "Kaka Cosme, wewe hata viatu utazikwa navyo!"

Cosme alipotoka, akaweka GNOME mpya, sura nyingine ya kompyuta ile. Ilipendeza, jamani. Ilimeremeta kama sahani za harusi.

"Dada, niko njia panda!"

Akabofya huku. Madirisha yakaruka. Akabofya kule. Yakakimbia yote.

"Shika njia ya Diaca," akasema. Alikuwa anabahatisha.

Yamaha ikanguruma. Kisha: "Huku mbuzi watupu. Una hakika?"

Uso ukamwaka moto. Angeweza kusema chombo kimekufa. Nani angejua? Lakini lawama ingemwangukia Cosme aliyekibandika, na diski ingekwenda zake.

"Kaka... nimeibadilisha kompyuta. Jana. Taa siioni."

Yamaha ikazimwa upande wa pili.

"Toka humo," Cosme akasema polepole. "Ukiingia tena, kabla ya neno la siri, chagua sura ya zamani. Ipo hapo hapo. Mpya mimi niliijaribu nyumbani, ikanishinda."

Akatoka. Akachagua. Kioo kikarudi na sura yake ya kizee.

Juu, kulia, taa nyekundu ikawaka.

Gari lilikuwa nje ya mlango wake.

Zuleica akachomoa bastola yake ya Makarov, akatoka. Nuro alikuwa ameinamia sanduku la samaki, anafukia kifurushi cha plastiki ndani ya barafu.

"Mikono juu, mjomba."

"Mwanangu, mimi nimekuja kununua barafu tu."

"Umeshapata. Lala chini."

Pingu zikalia. Diski mkononi, baridi.

Simu ikaita. Chefe. "Safi sana! Ile mpya uliyonitambia asubuhi imefanya kazi, eh?"

Zuleica akajibu, "Hapana, chefe. Ilinishinda. Tumemkamata kwa ile ya zamani. Kwa Cosme."

Cosme akafika, vumbi mpaka kwenye kope. Hakumgombeza. Heri angemgombeza.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nyumba yangu, vitu vyangu, mlango siuoni."

Jibu alilijua vizuri sana: aliliweka mwenyewe jana kwenye kompyuta. Akamkabidhi diski, akavaa miwani ya jua ingawa wingu lilikuwa limetanda, akaondoka taratibu kando ya ukuta.

"Dada, hujategua!"

"Nimeshindwa, kaka. Nakupa mji," akasema bila kugeuka. "Chukua Mocímboa yote."