Kiatu cha Kwenye Bomba la Moshi

Rafiki yangu Hester alihamia nyumba kuukuu ya shamba huko Suffolk, akamwita fundi Clem atengeneze bomba la moshi la matofali lililo juu ya meko. Nyuma ya tofali moja la bomba hilo Clem alikuta kiatu cha mtoto, kigumu kama kuni.

"Tukirudishe, dada. Waliojenga walikiweka humo ili kitu kisishuke."

"Kitu gani, buibui?" Hester alicheka, akakitupa jalalani. Clem akaziba tundu kwa tofali lilelile.

Jioni, giza likiingia, Hester alikuwa amempakata binti yake mdogo Tilly, viatu vyote viwili vikiwa miguuni. Hatua zikasikika ndani ya bomba, zikishuka taratibu, zikasimama nyuma ya tofali lile. Hester alimkumbatia mwanawe. Mguu mmoja wa Tilly ulikuwa mtupu.

Asubuhi Hester alimwita Clem tena, naye akalitoa tofali. Kiatu cha Tilly kilikuwa humo, kamba zimefungwa, na bado kina joto.